Mwaka wa Mtoto: Kutoka Viwanja vya Mnazi Mmoja hadi Kilima cha Observatory



Kila Desemba inapokaribia, wazazi vijana wa ukoo wetu walioko Johannesburg huniuliza swali lile lile: shule zinafungwa, watoto watakuwa nyumbani wiki nyingi, tuwafanyie nini? Mwaka huu aliyeuliza ni binti wa dada yangu, akaaye mtaa wa Observatory na watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwengine wa minne. Nilianza kumtajia bustani ya wanyama na mabwawa ya kuogelea. Akanikatiza kwa adabu. "Mjomba, mahali pa kuwapeleka napajua. Nisizozijua ni siku zenyewe. Idi iliyopita iliangukia siku ya shule, na baba yao alikuwa kazini. Jioni nilimvisha mkubwa kanzu yake, akanitazama, akaniuliza: Mama, hii ni sikukuu ya nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwahidi kwamba nitaandika, na haya ndiyo niliyoyaandika. Ni habari ya namna wazee wetu walivyougawa mwaka kwa ajili ya watoto wao, yaliyoupata mgawo huo tulipohama, na yale ambayo bado yanaweza kufanywa juu ya kilima kilicho mbali na bahari.

Mwaka wa pepo mbili

Kwa mtoto wa pwani, mwaka ulianza kujulikana kwa upepo. Kaskazi ilivuma tangu Desemba hadi Machi hivi, ikaleta majahazi ya Arabuni na Ghuba. Kusi ilishika tangu Aprili, ikayarudisha yalikotoka. Kati yake zilikuwako mvua: masika katikati ya mwaka wa pepo, na vuli kabla ya kaskazi kukaza. Hapakuwa na neno "likizo" katika maisha hayo, lakini majira ya watoto yalikuwako. Kaskazi ilikuwa majira ya wageni, ya tende na halua, ya mabaharia waliolala barazani, na kwa nyumba nyingi ilikuwa majira ya baba. Mtoto ambaye baba yake alikuwa nahodha au mfanyabiashara wa Sur au Shihr alimhesabu baba kwa pepo. Kusi ilipoanza kuvuma, baba alitweka.

Nataja jambo hili kwa sababu tumezoea kuzungumza juu ya uhamiaji kana kwamba ulianza na ndege. Familia iliyogawanyika kwa majira si jambo geni kwetu. Jambo lililo geni ni kugawanyika kusikokuwa na majira, pale ambapo mtoto hajui ni upepo gani utakaomletea jamaa zake.

Kusi yenyewe haikuishia kwetu. Upepo huo huo, ukishavuka bahari, huleta ukungu na manyunyu katika milima ya Dhofar kuanzia Juni hadi Septemba, msimu ambao watu wa Oman wanauita kharifu. Binamu zetu wa Muscat huwapeleka watoto Salalah wakati huo kukimbia joto. Wengi wao hawajui kwamba ubaridi wanaoufuata umeletwa na upepo uliokuwa ukiwarudisha mababu zao nyumbani.

Mwaka wa mwezi

Mwaka wa pili ulikuwa wa mwezi mwandamo, na Waswahili waliuhesabu kwa namna yao. Hawakuanza na Muharamu, bali walianzia pale Ramadhani inapoisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Hesabu hiyo ina maana kwa watoto, kwani mwaka ulianza na Idi, yaani ulianza na furaha yao.

Kabla ya mwezi mtukufu kuingia, siku za mwisho za Shaabani, watu walivunja jungu. Familia ziliungana, zikapika pilau, zikaenda shamba au ufukweni, watoto wakaogelea na kucheza mpaka magharibi. Masheikh wengi wameikemea desturi hiyo pale inapogeuzwa kuwa ufuska, na wana haki. Lakini vunjajungu ya nyumbani, ya bibi na sufuria zake, ilikuwa mlango: mtoto alijua kwamba kesho nyumba itabadilika, sauti zitapungua mchana, na usiku utakuwa na uhai kuliko mchana. Kisha zikaja futari, tarawehe, na ngoma ya kuamsha watu kula daku, ambayo mtoto mdogo aliiomba isimpite usingizini.

Ulipoandama mwezi wa Mfungo Mosi, Unguja ilisherehekea siku nne. Asubuhi ilikuwa ya sala, bokoboko na tambi, na nguo mpya. Watoto walizunguka nyumba za jamaa na majirani kupokea mkono wa Idi, sarafu ndogo iliyotiwa kiganjani. Alasiri wakaelekea viwanja vya Mnazi Mmoja, baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, penye pembea, vitafunwa, vinyago na zumari za karatasi, na umati wa watu waliokuja kutazama na kutazamwa. Mtoto wa mwarabu mwenye nyumba ya ghorofa na mtoto wa mchukuzi wa Ng'ambo walisimama katika safu moja wakingoja pembea. Sitaki kuipamba Unguja ya zamani. Siku zilizobaki watoto hao hawakulingana. Lakini siku nne hizo zilikuwako, na waliokuwa wadogo wakati huo, wa kila upande, bado wanazisimulia.

Nimewauliza wazee wetu watatu nini kiliifanya Idi kuwa Idi. Hakuna aliyetaja chakula kwanza. Wote walisema kwa maneno tofauti jambo moja: kila mtoto alikuwa nje. Sikukuu ilikuwa ya mji mzima, na mtoto hakulazimika kuuliza ni ya nani.

Mwaka wa jua

Mwaka wa tatu umesahauliwa zaidi. Ni mwaka wa Nairuzi, uliopata jina lake kutoka Uajemi, na Waswahili wakauita Siku ya Mwaka. Ulikuwa na siku 365 zilizogawanywa katika makumi, na kila kumi liliitwa mwongo. Manahodha waliujua mwongo wa kutweka, na wakulima waliujua mwongo wa kupanda. Kwa kuwa hesabu hiyo ya kale haikuongeza siku kila mwaka wa nne, Nairuzi ilirudi nyuma polepole katika kalenda ya Kizungu. Mombasa na Lamu, ng'ombe alizungushwa mji kabla ya kuchinjwa. Makunduchi, kusini ya Unguja, mwaka hukogwa hadi leo mwezi wa Julai: wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili vinyongo vya mwaka uliopita viishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, na watu huenda kuoga baharini.

Najua baadhi ya jamaa hawapendi watoto wafundishwe Nairuzi, wakisema si katika dini. Mimi nawafundisha wangu kama historia, wala siwaambii ni ibada. Mtoto asiyejua kwamba babu zake walihesabu jua, mwezi na nyota kwa pamoja atadhani elimu ya anga ililetwa na wengine.

Mji wa dhahabu na likizo yake

Johannesburg ilizaliwa 1886 kwa sababu ya dhahabu, na mwaka wake ukafuata kazi. Mji haukungoja upepo wala mwandamo, ulisikiliza king'ora cha mgodi. Hadi leo, katikati ya Desemba, ujenzi husimama, viwanda hufungwa, mabasi hujaa, na mji hubaki mtupu kwa wiki kadhaa. Wafanyakazi hurudi kwao, na wenye uwezo hushuka pwani ya Durban. Mtoto wa Johannesburg huijua bahari kama jambo la Desemba.

Bahari hiyo nayo haikuwa ya kila mtoto. Sheria ya 1953 ya kutenganisha huduma iligawa hata mchanga wa ufukwe kwa rangi, na fukwe za Durban hazikufunguliwa kwa wote hadi 1989. Mtaa wa Observatory nao, kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950, ulikuwa wa Wazungu peke yao. Sheria hiyo ilifutwa 1991. Binti yetu anapofungua dirisha lake asubuhi, anafungua dirisha ambalo familia kama yetu isingeruhusiwa kulifungua miaka arobaini iliyopita.

Watakaokwenda Durban likizo hii, nawaomba siku moja wawaache watoto watoke majini, wawapandishe kwenye kilima cha Bluff, na wawasimulie habari ya Wazanzibari wa King's Rest. Mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, manowari ya Kiingereza iitwayo Briton ilileta Natal watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wengine wakafuata katika miaka iliyofuatia. Wengi wao walikuwa Wamakua. Waliitwa Wazanzibari kwa sababu walipitia Unguja. Walifungishwa mikataba ya kazi, kisha wakajenga kijiji chao cha Kiislamu King's Rest, hadi mapema miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ilipowaondoa na kuwapeleka Chatsworth.

Historia hii haitupambi. Majahazi yaliyowachukua watu hao yalikuwa ya watu wa pwani na wa Arabuni, na huenda baadhi yalikuwa ya watu wenye majina kama yetu. Mtoto wa miaka saba anaweza kuambiwa ukweli huu kwa maneno yanayolingana na umri wake: kuna watu waliletwa huku kwa nguvu, watu wetu walihusika, na watu hao wakajenga msikiti na maisha. Urithi unaochagua halua na kuacha minyororo si urithi kamili, na mtoto atakapoujua ukweli kwa wengine atauliza kwa nini tulimficha.

Kilima

Sasa narudi Observatory. Mtaa huu uko mashariki ya katikati ya mji, jirani na Yeoville na Cyrildene, juu ya mgongo wa miamba ulio karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Jina lake limetokana na jumba la uangalizi lililoanzishwa 1903. Wengi hudhani lilijengwa kwa ajili ya nyota. Kwanza lilikuwa la hali ya hewa: serikali ya Transvaal ilitaka kuzijua mvua, baridi na pepo. Yaani kilima hicho kilipewa kazi ile ile waliyokuwa nayo manahodha wetu, kazi ya kuyajua majira.

Mkuu wake wa kwanza alikuwa Robert Innes, mzaliwa wa Edinburgh wa mwaka 1861. Aliacha shule akiwa mdogo, akahamia Australia, akafanya biashara ya mvinyo Sydney, na elimu ya nyota akajifundisha mwenyewe. Naye alikuwa mhamiaji. Mwaka 1912 jumba likawa la Muungano wa Afrika Kusini na kazi yake ikawa nyota. Mwaka 1915, Innes alilinganisha picha za anga akagundua nyota hafifu iliyo karibu na jua letu kuliko nyota nyingine yoyote, ikaitwa Proxima Centauri. Nuru yake hutufikia kwa zaidi kidogo ya miaka minne. Darubini kubwa ya inchi 26.5 ilikamilika 1925. Lakini mji ulikua, taa zikazidi, anga ikafifia, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi hiyo ikaunganishwa na ya Cape na kuhamia kwenye giza la Sutherland. Makuba bado yako kilimani.

Proxima haionekani kwa macho. Lakini jirani yake, Alpha Centauri, huonekana wazi upande wa kusini jioni za Juni na Julai, kando ya Msalaba wa Kusini. Mtoto wa miaka minne anaweza kuonyeshwa na kuambiwa: nyota ile ina ndugu mdogo asiyeonekana, na aliyemwona wa kwanza alikuwa juu ya kilima chetu.

Kuna nyota nyingine zilizo zetu zaidi. Waswahili wana Kilimia, kundi dogo la nyota lililowaambia wakulima wakati wa kulima. Jina limetoka katika kitenzi hicho. Wazulu na Waxhosa huliita isiLimela, na Wasotho Selemela, kwa mzizi ule ule na kwa sababu ile ile. Waxhosa wameupa mwezi wa Juni jina lake, kwa kuwa ndipo kundi hilo linapochomoza tena alfajiri. Waarabu huliita Thuraya, na katika ukoo wetu hakijapita kizazi kisicho na msichana wa jina hilo. Mtoto wa Observatory mwenye bibi aitwaye Thuraya, yaya anayesema Kizulu na mwalimu Msotho amezungukwa na majina matatu ya nyota zile zile. Sijui zawadi ya likizo iliyo nyepesi kuliko hiyo, wala iliyo nzito kuliko hiyo. Desemba, baada ya isha, zitafute upande wa kaskazini mashariki. Hata katika taa za mji huonekana kama kishungi kidogo cha nuru.

Mwaka wa mtoto, huko mliko

Binti yangu, swali lako lilikuwa la siku. Huu ndio mgawo ninaokupendekezea.

Kiangazi cha Desemba hadi Februari ni cha mvua za radi za alasiri. Asubuhi nenda bustani ya wanyama, iliyofunguliwa 1904, au Bezuidenhout Park iliyo karibu nawe. Alasiri, radi ikianza, kaa ndani na umfundishe mkubwa mdako na bao. Hii ndiyo kaskazi yetu. Waite wageni walale kwako. Mpigie simu bibi wa Muscat umwulize upepo gani unavuma.

Majira ya baridi ya Juni na Julai ni makavu, na mishubiri huchanua nyekundu miambani. Hapo ndipo anga huwa safi. Wavishe makoti, wapande kilimani mchana kabla ya jua kuzama, mkiwa watu wengi wala si peke yenu, na usiku watazame Alpha Centauri kutoka uani. Ukiweza, wapeleke kwenye jumba la maonyesho ya anga la Chuo Kikuu cha Witwatersrand, lililofunguliwa 1960. Julai, wasimulie Makunduchi. Waambie watoe vinyongo vya mwaka, kila mmoja amsamehe mwenzake, kisha waoge. Bafu litatosha.

Agosti ina upepo. Tengenezeni tiara kwa karatasi na vijiti, msinunue.

Tarehe 24 Septemba, Afrika Kusini huadhimisha Siku ya Urithi na shule hufungwa. Mkubwa akitakiwa shuleni kuvaa vazi la asili siku zinazotangulia, mvishe kanzu na kofia, na ahakikishe anaweza kusema ni ya nani. Oktoba na Novemba mijakaranda hutandaza maua ya zambarau barabarani, na hiyo haihitaji mpango.

Sasa Idi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi kuliko wa jua, hivyo Ramadhani huzunguka majira yote kwa miaka thelathini na tatu takriban. Kwetu Unguja hilo halikubadili sana saumu, kwani urefu wa mchana hautofautiani hata kwa saa moja mwaka mzima. Johannesburg hubadilika: mchana wa Juni ni wa saa kumi na nusu, wa Desemba ni wa saa kumi na tatu na zaidi. Idi ilikuwa mwisho wa Desemba mwaka 2000, ikawa katikati ya Julai mwaka 2015, na 2030 Ramadhani itaingia mara mbili katika mwaka mmoja wa Kizungu. Watoto wako watakutana nayo katika baridi na katika radi. Waambie mapema kwamba sikukuu yao husafiri, kama wao.

Kwa kuwa si sikukuu ya serikali huko, omba ruhusa shuleni mwezi mmoja kabla, na baba aombe kazini siku hiyo hiyo. Tafuta familia nne au tano, za Kizanzibari, Kisomali, Kimalawi, Kihindi, yeyote aliye tayari. Chagueni uwanja mmoja, na mkubaliane kwamba alasiri ya Idi kila mtoto atakuwa hapo. Pembea iwepo. Kila mtu mzima awe na sarafu mfukoni, na kila mtoto apewe mkono wa Idi, wa kwenu na wa majirani wasio Waislamu wanaopita. Wiki moja kabla ya Ramadhani vunjeni jungu hapo hapo. Mwaka wa kwanza watakuja watoto sita. Wasikukatishe tamaa. Mnazi Mmoja nayo, kabla ya kuwa viwanja vya sikukuu, ilikuwa kando ya maji ya bahari na mnazi.

Mwaka ujao mkubwa wako akiuliza tena sikukuu ni ya nani, usimjibu. Mpeleke uwanjani, amwone aliyesimama mbele yake akingoja pembea.

Watakaofanya hivyo, Observatory au kwengineko, waniandikie ilikuwaje, nami nitayahifadhi hapa kwa watakaotufuata.